Baraza, Seneti na Dola: Mgawanyo wa Madaraka katika Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Madaraka katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamegawanywa baina ya vyombo vitatu. Baraza la Chuo linashika sera, mali, fedha na ajira. Seneti inashika taaluma: nini kifundishwe, nani adahiliwe, nani amefaulu na atunukiwe shahada ipi. Makamu Mkuu wa Chuo, akisaidiwa na manaibu wake, anaendesha shughuli za kila siku na kuwajibika kwa vyombo vyote viwili. Juu yao yupo Mkuu wa Chuo, mwenye heshima kuliko wote lakini madaraka machache ya kiutendaji. Nje ya malango ya chuo ipo dola, inayotunga sheria, kutoa ruzuku na kuteua viongozi wa juu. Mpangilio huu haukushuka ukiwa kamili. Umejengwa kwa zaidi ya miaka sitini, tangu chuo kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, na sehemu zake nyingi zimetokana na mabishano ambayo wakati wake yaliwagusa watu kwa uchungu.

Mwanzo chini ya London, 1961–1963

Chuo kilizaliwa majuma sita hivi kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilianzia mjini, katika jengo la chama cha TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 14. Sheria ilichaguliwa kwa sababu mbili: haikuwa ikifundishwa Makerere wala Nairobi, na nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala ilikuwa na wanasheria wazalendo wa kuhesabika. Mtendaji mkuu wa kwanza alikuwa Cranford Pratt, msomi kutoka Kanada, aliyekiongoza chuo hadi 1965.

Chuo hicho kilikuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Maana yake ni kwamba uongozi wa ndani uliweza kuajiri, kujenga na kupanga matumizi, lakini mitaala na mitihani ilihitaji kibali cha London, na shahada zilizotarajiwa zilikuwa za London. Hivyo tangu siku ya kwanza madaraka yalikuwa na makao mawili: mali ilisimamiwa Dar es Salaam, na kipimo cha elimu kiliwekwa ng'ambo. Utaratibu huo uliwapa wahitimu shahada iliyotambuliwa kote duniani. Hata hivyo, uliacha swali ambalo serikali mpya isingeweza kulikwepa kwa muda mrefu, yaani nani hasa mwenye haki ya kuamua elimu ya juu ya Mtanganyika iwe ipi.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963–1970

Jibu la kwanza lilikuwa la pamoja. Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vitatu: Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Julius Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, na Bernard de Bunsen, aliyekuwa ameiongoza Makerere, akawa Makamu Mkuu wa kwanza. Kuanzia hapo shahada zilitolewa kwa jina la Afrika Mashariki.

Muundo huo ulikuwa na ngazi mbili. Chuo kikuu kilikuwa na Baraza na Seneti zake, na kila chuo kishiriki kilibaki na baraza lake na bodi yake ya taaluma. Fani zenye gharama kubwa ziligawanywa ili nchi tatu zisirudufu kazi: tiba na kilimo Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kwa hesabu za fedha mgawanyo huo ulikuwa wa busara, lakini kisiasa ulikuwa mzito. Kila serikali ililipia chuo kilichokuwa katika ardhi yake na ilikuwa na mipango yake ya kupata madaktari, wahandisi na mabwana shamba. Seneti ya pamoja haikuwa na uwezo wa kuizuia nchi moja kutaka kitivo ambacho jirani yake tayari alikuwa nacho.

Wakati huohuo chuo cha Dar es Salaam kilikua haraka. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima nje ya mji, na tangu hapo watu wamezoea kukiita Mlimani. Mwaka huo huo kiliipokea Kamati ya Kiswahili, iliyokuwa ikifanya kazi ya usanifishaji wa lugha tangu 1930. Mwaka 1965 Wilbert Chagula alichukua nafasi ya Pratt na kuwa Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo.

Mpaka kati ya chuo na dola ulijaribiwa kwa mara ya kwanza tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato makubwa ya mshahara baada ya mafunzo. Rais Nyerere aliwasikiliza, akawakatalia, kisha akaamuru warudishwe makwao. Zaidi ya 300 kati yao walikuwa wanafunzi wa Mlimani. Adhabu hiyo haikutoka katika kamati ya nidhamu ya chuo bali Ikulu. Nyerere alikuwa pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kwa hiyo kofia mbili zilivaliwa na kichwa kimoja, na haikuwa rahisi kuonyesha ni kofia ipi iliyotoa amri.

Azimio la Arusha la Februari 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, lilileta swali jingine. Mwezi uliofuata ulifanyika Mlimani mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Waliokuwepo walitofautiana: wapo waliotaka mitaala ibadilishwe ili imtayarishe mhitimu kulitumikia taifa, na wapo waliohofia kwamba siasa ingechukua nafasi ya utafiti. Katika miaka iliyofuata somo la pamoja kuhusu maendeleo na jamii lilipata nafasi katika mitaala, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Hatua hizo zilidhihirisha kwamba matakwa ya taifa yanaweza kuingia darasani kwa njia ya vikao vya wanataaluma, yakajadiliwa na kupewa umbo la kitaaluma kabla ya kufundishwa.

Sheria ya 1970 na chuo cha taifa

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa katikati ya 1970, na tarehe 1 Julai mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama chenyewe kwa Sheria Namba 12 ya 1970. Kwa mara ya kwanza Baraza na Seneti zenye kauli ya mwisho zilikuwa Mlimani. Matunda ya kitaaluma yalionekana mapema. Mwaka huo ilianzishwa Idara ya Kiswahili, na Kamati ya Kiswahili ya zamani ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Seneti ya nyumbani iliweza kuipa lugha ya taifa hadhi ambayo wakaguzi wa mitaala wa ng'ambo hawakuwa na sababu ya kuipigania.

Kwa upande wa utawala, sheria hiyo ilikifunga chuo kwa dola. Rais wa nchi alikuwa Mkuu wa Chuo kwa wadhifa wake, naye ndiye aliyemteua Makamu Mkuu. Wa kwanza kuteuliwa alikuwa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU. Aliyemfuata mwaka 1977, Ibrahim Kaduma, alitoka katika uwaziri wa mambo ya nje, na Nicholas Kuhanga, aliyeshika wadhifa huo mwaka 1980, alikuwa amewahi kuwa waziri wa elimu. Kwa miaka kumi na minane mfululizo, basi, mwenyekiti wa Seneti alikuwa mtu aliyekulia katika chama na serikali. Wateule hao walikuwa viongozi wenye uwezo na walikijenga chuo katika nyakati ngumu za uhaba. Lakini njia iliyowafikisha pale iliufundisha umma kwamba uongozi wa chuo kikuu ni sehemu ya utumishi wa dola, na fundisho hilo lilichukua muda mrefu kubadilika.

Mvutano haukuchelewa. Novemba 1970 umoja wa wanafunzi wa mrengo wa kushoto uliojulikana kwa kifupi USARF, ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, ulipigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche. Julai 1971 kiongozi wa chama cha wanafunzi, Symonds Akivaga, mwanafunzi kutoka Kenya, alimwandikia Makamu Mkuu barua ya wazi iliyolaumu urasimu na kutoshirikishwa kwa wanafunzi katika maamuzi. Alisimamishwa masomo na kuondolewa chuoni chini ya ulinzi wa polisi. Wanafunzi waligoma, na wahadhiri wengi walikutana kudai kwamba jumuiya ya chuo ishirikishwe katika kukiongoza.

Tukio hilo ni mojawapo ya chimbuko la ushirikishwaji unaoonekana leo. Baada yake uwakilishi wa wanafunzi na wanataaluma katika kamati mbalimbali ulipanuliwa, na Akivaga mwenyewe alirudishwa masomoni baadaye. Hoja iliyoshinda ni kwamba mwanafunzi na mhadhiri si wageni katika chombo kinachoamua mambo yao. Wana haki ya kuketi, kusikilizwa na kupiga kura, hata pale ambapo idadi yao haitoshi kushinda.

Miaka ya chama kushika hatamu, 1974–1990

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liligusa moyo wa madaraka ya Seneti, yaani udahili. Liliagiza kwamba wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na kwamba mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama yazingatiwe. Chuo kilipata wanafunzi wenye umri na uzoefu wa maisha, na wengi wao walisoma kwa bidii kubwa. Lakini kigezo cha kuingia kilikuwa kimewekwa na kikao cha chama. Katika miaka iliyofuata utekelezaji wake ulilegezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa fani kama uhandisi na sayansi hazikuweza kuwasubiri wanafunzi waliosahau hisabati wakiwa makazini.

Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia walifukuzwa, ingawa baadaye walisamehewa. Chama chao kilivunjwa, na mahali pake pakaundwa Muungano wa Wanafunzi Tanzania, MUWATA, uliokuwa chini ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Uwakilishi katika vikao ulibaki, lakini aliyewakilisha hakuwa tena amechaguliwa na chombo huru. Kiti bila uhuru wa anayekikalia hakina uzito, na wanafunzi walilielewa jambo hilo mapema.

Wakati huo huo chuo kilianza kugawa sehemu zake. Kitivo cha Kilimo cha Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1969, kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Muhimbili ilipewa hadhi ya chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na Chuo cha Ardhi kikafuata mwaka 1996. Zote mbili zikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Uhusiano ambao Dar es Salaam ilikuwa nao na London sasa Mlimani ilikuwa nao na watoto wake: chuo kishiriki kilijiendesha chini ya bodi yake, na Seneti ya Mlimani ilithibitisha viwango mpaka kilipokomaa na kujitegemea.

Mwaka 1990 mambo mawili yalifuatana kwa karibu. Aprili wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini, wakiongozwa na jumuiya ya wahadhiri wa Mlimani, UDASA, walipitisha Tamko la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Lilitaka vyuo vijitawale, wanataaluma washiriki katika uongozi, na msomi asiadhibiwe kwa matokeo ya utafiti wake. Mwezi uliofuata mgomo wa wanafunzi ulisababisha serikali kukifunga chuo, na hakikufunguliwa hadi 1991. Tamko lilikuwa limeeleza kanuni, na kufungwa kwa chuo kukaonyesha umbali uliobaki kuifikia.

Mageuzi ya miaka ya 1990

Dalili ya mabadiliko ilikuwa imeonekana mwaka 1988, pale Geoffrey Mmari, mtaalamu wa elimu na hisabati, alipokuwa Makamu Mkuu. Matthew Luhanga, profesa wa uhandisi wa mawasiliano, alimfuata mwaka 1991 na kuongoza kwa miaka kumi na mitano. Tangu Mmari, kila Makamu Mkuu ametoka katika safu ya wanataaluma, wakiwamo Rwekaza Mukandala aliyeanza mwaka 2006 na William Anangisye aliyeteuliwa mwaka 2017. Wanafunzi nao walipata tena chombo chao huru, DARUSO.

Chini ya Luhanga chuo kiliendesha programu kubwa ya mageuzi iliyopanga malengo, fedha na muundo wake upya. Ilitambuliwa kwamba Baraza lilikuwa likilemewa na mambo madogo yaliyostahili kumalizwa vitivoni, na kwamba madaraka yanapaswa kushushwa hadi ngazi inayoyajua mambo. Kwa msingi huo Kitivo cha Uhandisi kikawa ndaki, yaani kitengo cha kitaaluma chenye madaraka mapana zaidi, na sehemu nyingine zikafuata.

Badiliko jingine la kipindi hicho lilihusu kilele. Rais wa nchi aliacha kuwa Mkuu wa Chuo kwa wadhifa wake, na nafasi hiyo ikapewa mtu mwingine mwenye heshima katika taifa. Waliowahi kuishika ni Paul Bomani, kisha Fulgence Kazaura, na tangu 2016 Jakaya Kikwete, Rais mstaafu na mhitimu wa chuo hichohicho. Kofia mbili za mwaka 1966 zilitenganishwa.

Muundo wa sasa

Msingi wa uongozi wa leo ni Sheria ya Vyuo Vikuu Namba 7 ya 2005 na Hati Idhini ya chuo ya mwaka 2007. Sheria hiyo iliviweka vyuo vikuu vyote nchini, vya umma na vya binafsi, chini ya mfumo mmoja, na kila chuo hupata uhai wake wa kisheria kupitia hati yake.

Mkuu wa Chuo huongoza mahafali na kutunuku shahada. Baraza la Chuo huwa na mwenyekiti asiye mtumishi wa chuo, na wajumbe kutoka serikalini, katika jamii, miongoni mwa wanataaluma, wafanyakazi na wanafunzi. Seneti huongozwa na Makamu Mkuu na kujumuisha manaibu wake, marasi wanaoongoza ndaki, maamidi wanaoongoza shule kuu, wakurugenzi wa taasisi na wawakilishi wa wanafunzi. Baraza la Masajili huwakusanya wahitimu na kutoa ushauri. Baraza la Wafanyakazi hujadili maslahi ya watumishi. Vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar es Salaam, kilichopo Chang'ombe, na Mkwawa, kilichopo Iringa, vilivyoanzishwa mwaka 2005, vina bodi na marasi wao, lakini shahada zao hutolewa kwa jina la Mlimani.

Mgawanyo huo huonekana vizuri zaidi katika safari ya jambo moja. Programu mpya ya masomo huanzia idarani, ambako wataalamu wa fani huandaa mtaala. Hupelekwa katika bodi ya ndaki, kisha katika kamati ya Seneti, kisha katika Seneti yenyewe. Baraza halina kazi ya kuhariri mtaala, lakini likiona hakuna fedha, majengo wala walimu wa kuutekeleza, linaweza kuukwamisha. Matokeo ya mitihani nayo hupitia kwa mtahini wa nje na bodi za watahini kabla ya kufika Seneti, na hakuna mjumbe wa Baraza, waziri wala mzazi mwenye nafasi ya kubadili alama katika mnyororo huo. Kwa bajeti, safari hugeuka: menejimenti huandaa, Baraza hupitisha, na serikali huamua kiasi cha ruzuku. Kupanda cheo kwa mhadhiri huunganisha pande zote mbili, kwa kuwa machapisho na ufundishaji wake hupimwa na wanataaluma wenzake, lakini mwajiri wake ni Baraza.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chuo kikuu hukwepa hatari hiyo kwa kumpa kila nahodha usukani wake, si kwa kuwaondoa manahodha. Baraza lililojaa wataalamu wa fedha haliwezi kupima tasnifu ya fizikia, na Seneti iliyojaa maprofesa si mahali salama pa kuamua mishahara ya maprofesa hao hao. Mgawanyo wa madaraka ni kinga dhidi ya upofu wa kila upande.

Dola na vyombo vya nje

Kutenganishwa kwa kofia hakukuiondoa dola. Mkuu wa Chuo na Makamu Mkuu bado huteuliwa na Rais wa nchi, na mishahara hulipwa kwa fedha za umma. Zaidi ya hapo, vimezaliwa vyombo vipya vilivyochukua sehemu ya madaraka yaliyokuwa ndani. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa na sheria ya 2005, hutoa ithibati na kusimamia ubora. Kuanzia 2010 iliendesha mfumo wa pamoja wa udahili kwa nchi nzima, na mwaka 2017 kazi ya kupokea maombi ikarudishwa vyuoni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ndiyo inayoamua nani apate fedha za kujikimu na ada. Kwa sababu hiyo, malalamiko mengi ya wanafunzi leo huhusu uamuzi ambao haukufanywa na Makamu Mkuu wala na Baraza.

Usimamizi wa taifa una sababu njema. Vyuo vimeongezeka, na umma unastahili uhakika kwamba shahada ya chuo chochote nchini ina thamani. Kuna haja, hata hivyo, ya kulinda mpaka. Msimamizi hupima kama chuo kimefikia kiwango, na Seneti huamua namna ya kukifikia. Mpaka huo ukipotea, chuo hubaki na jina la kujitawala bila kujitawala kwenyewe.

Historia ya Mlimani inatoa hukumu iliyo wazi. Majeraha yake makubwa, ya 1966, 1971, 1978 na 1990, yalitokea pale chombo kimoja kilipofanya kazi ya kingine, au pale waliotawaliwa walipokosa mahali halali pa kusemea. Mafanikio yake makubwa, kuanzia taaluma ya Kiswahili hadi vyuo vikuu vilivyozaliwa kutoka ubavuni mwake, yalipatikana pale Baraza lilipotafuta nyenzo, Seneti ikalinda viwango na dola ikatoa fedha na imani. Kila anayekalia kiti katika vyombo hivi, awe profesa, mteule wa serikali au mwakilishi wa wanafunzi, anapaswa kuujua mpaka wa kiti chake na kuuheshimu wa mwenzake.